Wana wa Manowari

Hadi leo, nikisikia harufu ya dawa ya viatu, wivu hunirudia. Ndiyo harufu aliyokuja nayo baba kila likizo, nyumbani kwetu Akheri. Alikuwa kamanda wa manowari wakati wa vita, na majirani hawakuacha kushangaa: Mmeru aliyekulia migombani, na maji ya chumvi wapi na wapi? Mama alikuwa akicheka, "Mimi nimeolewa uke wenza na chuma."

Mimi sikukionea wivu hicho chuma. Niliwaonea wivu watu waliokuwa ndani yake.

Likizo moja, vita vikiwa bado vinaendelea, baba alikuja na baharia kijana aliyeumia mkono, ili apumzike kwetu. Aliitwa Saidi, mwenyeji wa Pangani. "Shikamoo mama," alimwamkia mama, kisha akaketi kwenye kigoda changu pale jikoni. Mama akampakulia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, na ukali wake ukamkunja uso.

"Kula, mwanangu," baba akamwambia huku akicheka. "Bi Mwanaidi akikuona umekonda, atanilaumu mimi."

Mwanangu! Na jina la mama yake pia alilijua!

Nikamsogelea. "Baba, mimi niko darasa la ngapi?"

Akafikiri. Akamtupia mama jicho la kuomba msaada. "La tatu?"

"La tano," nikasema, nikakimbilia nyuma ya zizi kulia. Alinifuata. Mtu aliyezoea kuamuru mizinga ifyatuliwe alisimama tu akimkuna ndama kichwani.

Saidi alipona, akarudi melini. Kutoka vitani hakurudi.

Baba alipostaafu, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, aliniomba nimsindikize Pangani. Bibi mmoja mwembamba alitufungulia mlango.

"Bi Mwanaidi," baba alisema, akivua kofia.

Bibi akamshika mkono. "Habari za mwanangu uliniletea wewe mwenyewe siku ile. Leo ingia unywe chai."

Palepale mlangoni nilielewa kwa nini baba alijifunza majina ya mama wa kila baharia wake: ndiye aliyepaswa kuwapigia hodi. Siwezi kusema wivu uliniisha. Lakini kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba sikuwa miongoni mwa watoto aliolazimika kuwajua vile.