Poudre ya Mbele ya Kazi

Bandugu, mucheke tu, miye mwenyewe nilisha kujicheka mpaka haya ikaisha nusu, na ile nusu yenye ilibakia njo hii minakuya kuwaambia. Tangu nilimaliza masomo ya comptabilité, ile ya hesabu ya makuta, nilikuwaka natafuta kazi, kila pahali banasema «tutakuita», telefone inanyamaza, na moyo ikaanza kuchoka kabisa. Basi ku kikundi yetu ya maombi bakatufundisha: usiseme «minatafuta», sema «nilisha kupata», kinywa itangulie, kazi itafuata. Nikaona, aa, kusema tu haiombi kitu.

Siku moja asubuhi kampuni moja ya ku Ruashi ikaniita: nikuye saa nane, entretien ya kazi. Nikavaa veste nyeusi ya marehemu papa (mabega yake ilikuwa mikubwa kupita yangu, lakini bon), nikatoka inje, na Mama Odile, jirani yetu mwenye kuuza bunga pa mulango, akaniuliza: «Mutoto, na hii veste unaenda wapi?» Pa nafasi ya kujibu «minaenda kuulizwa maulizo», nikainua kichwa: «Mama, nilisha kupata kazi!»

Mama wee! Munajua kwetu mu mutaa ya Kampemba mutoto akishinda, anashinda juu ya avenue yote, bajirani bote. Mama Odile akapiga kapundu, ile kelele ya furaha ya bamama, mama yangu akatoka mbio na kopo ya poudre ya kujipakaa yenye alichungaka juu ya hii siku, akanimwangia kichwa, mabega, masikio, sawa vile banafanyaka batoto benye kushinda examen d'État, mutihani ya mwisho ya sekondari, na Mama Odile akaongeza bunga yake, mikono mbili! Minalalamika «mungoje kwanza!», beye banasema ni furaha inanisumbua. Na mama alikuwa analia, analia kweli. Ungefanya nini? Nikacheza naye kidogo.

Saa ikanikimbia, nikajipangusa na maji (bunga na maji, hata mutoto anajua inazaa nini), nikafika ku Ruashi na bukari, ugali yenyewe, mu nywele. Mama mukubwa wa biro akaniangalia: «Papa, félicitations, hongera. Ulishinda nini?» Nikamuelezea yote, sikuwa tena na nguvu ya kudanganya. Alicheka mpaka akatosha malineti ya macho, akanipa kitambaa, kisha akaniuliza maulizo ya kazi, nikajibu muzuri, akasema: «Tutakuita.»

Ku nyumba nikakuta kuku imeiva, bajirani beko banangoja. Nikasema kweli mbele ya bote, haya inanikula. Mama akasimama, nikazani atanigombeza. Akakamata ile kopo, akaitikisa pa sikio. «Ilibakia kidogo», akasema, akaifunika. «Tutaichunga. Kuya ukule, kuku haijue kama hauna kazi.»

Tangu ile siku minaamini kabisa, lakini kinywa nimefunga. Kopo iko pa kabati, na kila mara telefone inalia, mama anaangalia ile kopo mbele ya kuniangalia miye.