Mtani wa Mama

Mama alikuwa na mtu mmoja aliyemtukana kila siku ya Mungu, na siku mtu huyo alipokufa, senta yetu ilikwisha. Wapo watakaokuambia ilikwisha ushirika ulipofungwa. Wengine watasema ni barabara. Waache waseme, mimi nilikuwepo.

Ilikuwa senta ndogo tu, ukishapita Mkuyuni unaanza kupanda mlima. Ghala la ushirika la kahawa, maduka matatu, mafundi cherehani barazani, kanisa, zahanati ya misheni, na gulio kila Jumamosi. Msimu wa kahawa lori la ushirika lilikuwa linasikika tangu darajani likikoroma, na sisi watoto tunalikimbilia kama wendawazimu. Watu walikuwa wengi jamani! Kisimani mlipanga ndoo alfajiri, na asiyejua kugombana alirudi na ndoo tupu.

Huyo aliyemtukana mama alikuwa mtani wake. Kwetu Waluguru, mtani si wa kuchekeshana tu. Kuna koo zinazotaniana tangu mababu, na mtu akifa, mtani ndiye mwenye kazi msibani. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikaripia watoto. Anakalia udongo wa kaburi, anagoma, hakuna kuzika mpaka apewe kuku. Watu wako hoi kwa kilio, yeye anawachekesha, na kilio kinapata pumzi. Kuzikwa bila mtani kwetu ni kutupwa.

Huyo wa mama alikuwa mjane mwembamba, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mdomo wake haukujua Jumapili. Alikuwa haingii kwa hodi. Anasimama uani anauliza, "Bado hujafa tu? Nimepita kupima jeneza."

"Tangulia wewe," mama anamjibu, wala hanyanyui macho kwenye mchele anaopeta. "Mifupa mitupu hiyo. Utabebwa na watu wawili, na mmoja anavuta sigara."

Basi wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kisha wanakaa kupeta mchele pamoja.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu huru kununua na kuuza. Nisiwe mnafiki, mwanzoni tulifurahi. Wanunuzi binafsi walipanda mlima na magari yao, wanakulipa palepale mkononi, na ule ushirika wenye karatasi zake na njoo kesho tukauona ushamba mtupu. Gulioni ikaingia mitumba, sabuni za kunukia, redio za betri. Baba, wakati huo yu hai, alinunua koti la mtumba akalivaa kanisani kwenye joto la mwezi wa kumi na mbili, jasho linamtiririka na hataki kulivua. Ushirika ulipokufa hatukuulilia. Ghala likaanza kung'olewa bati moja moja. Sasa wale wanunuzi, walipobaki peke yao, wakawa wanajipangia bei watakavyo, na msimu mmoja hawakupanda kabisa. Hivyo tu. Hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Kahawa ilikaukia mtini, na tulikuwa bado tunatega sikio kule darajani.

Vijana ndio waliotangulia kuondoka. Mimi pia niliteremka mjini, baba alipokwisha kufariki, nikapanga chumba Kihonda na nikaanza kupika chakula pale stendi ya Msamvu. Hapo ndipo nilipoiona senta yetu ikihama. Kila aliyetoka kwetu kwenda Dar au Dodoma alipita kwangu kula. Nikimwona mtu ana begi moja, najua anakwenda kutembea. Nikiona mkeka umefungwa na sufuria zinaning'inia, najua huyo harudi. Walipita mafundi cherehani. Alipita mwenye duka kubwa na watoto wake wote, hata paka wamemtia kwenye kikapu. Katekista alipopita nilimwambia, "Hata wewe?" Akainamia sahani, akala wali wake.

Kila nikipanda kumsalimia mama, namsihi tushuke. Zahanati imefungwa, kifua kinambana, jirani hana ila mtani wake. Hataki.

"Huko Kihonda nikifa nani atanitania?"

"Mama, kuna watu wa kila kabila huko, watakuzika vizuri tu."

"Watanizika, ndiyo. Nani atanitania?"

Na mtani wake anadakia kutoka uani: "Mwache! Huyu ni maiti yangu, hakuna kumhamisha!"

Huyo mtani ndiye aliyetangulia. Homa, siku chache, basi. Nilipopata habari nilifunga biashara nikapanda. Nilikuta wanaume wa kuchimba hawatoshi, wazee wanapokezana jembe, mmoja akichimba wengine wanahema. Mama alikuwa amekaa juu ya udongo wa kaburi. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, na aliposimama akatembea mwendo wake uleule, kiuno kimepinda, kidole kinanyooshewa kila mtu.

"Bado hamjafa tu? Mnasubiri nini?"

Tulicheka, mimi mwenyewe nilicheka huku machozi yananitoka. Akagoma mazishi. Akadai kuku, akaletewa, akamkataa kwamba amekonda kama mwenye msiba. Akaletewa jogoo. Wakaliteremsha jeneza. Mama akainama, akaliambia, "Nilikwambia. Watu wawili na sigara."

Kisha akageuka akatutazama, sisi kikundi kile kidogo kando ya shimo. Akatutazama mmoja mmoja, akitafuta. Katika sisi hakuwepo mtu hata mmoja wa ukoo wa mtani wake; walishahama wote.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi atanicheka nani?"

Watu wakacheka sana, wakidhani utani unaendelea. Mimi sikucheka. Mama naye hakucheka.

Asubuhi nilimkuta ameshafunga mkeka wake. Sufuria mbili zimening'inizwa juu yake.

"Twende huko kwako," akasema.

Miaka yote ile nilikuwa namwomba neno hilo, na alipolitamka nililia kama mtoto. Alifunga mlango, akabaki ameushika ufunguo.

"Tumwachie nani?" nikamuuliza.

"Nani yupo?"

Akaufunga kwenye pindo la kanga, ile ya mtani wake, tukateremka.

Kihonda aliishi nami kwa upole ambao haukuwa wake. Asubuhi anakaa mlangoni, anawaangalia wapita njia. Majirani walimpenda, wanamwamkia shikamoo, naye anaitika marahaba kwa adabu. Niliiogopa ile adabu.

Mvua za masika zilipoanza, akafa. Nilitaka kumpandisha nyumbani, lakini barabara ilikuwa imekatika darajani, na huko juu hakukuwa na wa kuchimba. Tukamzika Kihonda. Majirani walijaa, Mungu awabariki, Wakristo na Waislamu, wakapika, wakachota maji, wakachimba. Jeneza likashuka taratibu. Hakuna aliyekalia udongo. Hakuna aliyeomba kuku. Nilisimama pale nikisubiri mtu acheke, mpaka wakaanza kufukia.

Tuliporudi, mama mmoja jirani alinishika mkono. "Pole mwenzangu. Mazishi ya mama yako yalikuwa ya heshima sana. Kimya kabisa, hata mtu mmoja hakuleta fujo."

Nikamwambia asante. Nikaingia ndani, nikaifungua ile kanga, na ufunguo bado ulikuwa pindoni.