Viatu vya Soja

Nakumbuka siku moja ya kurekodi, mwanangu, nilipokaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya viatu. Usicheke bado.

Hapa Emali watu huniita Soja, nawe umekua ukidhani ndilo jina langu. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mlinzi wa geti la tajiri katika kipindi cha kuchekesha kwenye runinga. Waigizaji wa tajiri walibadilishwa mara tatu, mimi nikabaki na rungu langu. Lakini mwanzoni nilikuwa na kiburi. Wanawake wa kanisani walimwambia mama kwamba wamemwona mwanawe akifungua geti, kumbe masomo yote yale yameishia kuwa soja. Nikaona haya. Nikanunua viatu vyeusi vyenye ncha, vya kung'aa, nikavivaa pamoja na lile koti refu la mlinzi, ili watu wa nyumbani wajue mimi si soja wa kweli.

Siku hiyo, katika hadithi, tajiri alikuwa amefilisika na anahama nyumba yake. Kazi yangu ilikuwa kumfungulia geti bila kusema neno. Nikalifungua kwa mwendo wa bwana harusi, uso kwenye kamera. Mafundi wa taa wakacheka. Mwongozaji hakucheka. Alisema taratibu kwamba tukimaliza chakula cha mchana, nisipokuwa mlinzi, atatafuta mlinzi.

Jungu kuu halikosi ukoko. Mama Kalunde, mzaliwa wa Kalamba aliyeigiza mpishi wa tajiri, alinipakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, aliobeba kutoka nyumbani, akavitazama viatu vyangu kwa muda.

"Kijana, wewe hujawahi kuona soja?"

Nikaweka sahani chini. Baba yangu alilinda ghala la mahindi hapa hapa Emali, karibu na stesheni ya reli, mpaka nguvu zikamwishia. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha, na kule Nairobi tulikorekodia sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia yeye.

"Sasa hapo unaficha nini?" akasema. "Mkataa kwao ni mtumwa. Toa hivyo viatu, uende ufungue geti vile baba yako alikuwa anafungua."

Nikamwomba mlinzi wa studio tubadilishane viatu. Vyake havikuwa na kamba, maana anayesimama kutwa huvimba miguu. Vya baba pia vilikuwa hivyo. (Yule bwana alizunguka na vyangu mchana wote kama mbunge, na kumnyang'anya ikawa kazi nyingine.)

Kamera ilipowashwa nikafungua geti polepole, nikavua kofia nikaishika kifuani mpaka tajiri akapita, kama baba alivyomfanyia kila aliyepita langoni pake, mwenye gari na mwenye mkokoteni. Tulirekodi mara moja tu.

Kipindi kilipoonyeshwa, mama akanipigia simu. Nilijiandaa kusikia ya wanawake wa kanisani. Akasema, "Leo nimemwona baba yako."

Nililia kwa furaha, mtu mzima na ndevu zangu.

Jana ulinung'unika kwamba umepewa kuigiza utingo wa lori, maneno manne tu. Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Tajiri ana maneno mengi, lakini bila wa kumfungulia angekuwa bado yuko ndani. Nenda pale barabarani malori yanaposimama, kaa na mautingo, uone wanavyoruka na wanavyokula. Usiwaigize kwa dharau, na usione haya kufanana nao. Wengine ni wajomba zako.

Mpaka leo walinzi wa mji huu wakinipigia saluti, mimi ndiye ninayevua kofia.

Haya, nenda. Mungu akufungulie kila geti utakalobisha, na anayekufungulia umjue kwa jina.