Meza ya Betoni Niliyoipimia kwa Simu

Ka! Sauti moja tu, kavu, na mpaka leo nikiisikia popote (hata mutu akivunja kuni jikoni) nageuka kutazama nani ameumia. Nasema wazi, aibu hii ni yangu mwenyewe, nilijitafutia mbele ya soko yote ya samaki hapa Nchelenge.

Binamu yangu anasomea ujenzi kule Lubumbashi. Alilisha kompyuta vipimo vya betoni nyingi, zingine ngumu, zingine za bure, mpaka ikajifunza kukisia nguvu, akanitumia hiyo programu kwenye simu: unaandika kilo za simenti, maji, muchanga na kokoto, na siku ngapi zimepita, yenyewe inakuambia betoni imefika wapi. Mimi niliyeishia darasa la saba nikajiona enjenia (nilitembea na kalamu sikioni, kweli!). Basi sisi wauza samaki tulipojenga meza ya betoni kando ya ziwa, nikapima kwenye mizani ya samaki ndoo moja ya kila kitu, imejaa sawa na mdomo, nikazidisha kwa hesabu ya ndoo, nikaandika.

Siku ya saba simu ikasema imetosha. Papa Kazadi, fundi wetu, akakataa: mbao zinazoshikilia meza kwa chini zisitoke kabla ya wiki nne.

"Papa, hii imejifunza betoni nyingi kuliko miaka yako."

"Haya, enjenia. Iambie ije ilale chini ya meza."

Bamama wa soko wakacheka, lakini kesho yake ilikuwa siku ya soko, samaki zetu zinalala kwenye matope, nikazitoa zile mbao mimi mwenyewe.

Mama Ngoy, jirani yetu tangu tulipovuka kutoka Congo, njo wa kwanza kuweka beseni asubuhi ya soko. Samaki moja ikaanguka, akainama kuiokota, mukono wake chini ya meza. Ka!

Tuliinua ile betoni watu sita. Vidole viwili havikuwa vidole tena. Pikipiki ikamubeba hospitali, mimi nikabaki nimesimama na simu, soko yote ikiniangalia, na sasa hakuna aliyecheka. Papa Kazadi akaokota kipande, akakifikicha, kikamwagika kama unga.

"Muchanga ulikuwa ndoo ngapi?"

"Kumi na mbili, Papa."

"Za kusawazisha ao za kulundika?"

Hapo njo niliona. Bamama njo walibeba muchanga, na mama wa soko hawezi kukupimia kitu bila mbasela, ile nyongeza ya juu, kwao kusawazisha ni uchoyo. Kila ndoo ilikuwa na kilima chake, hata maji waliyaongezea mbasela, na mimi nikacheka nao, nikaacha namba zangu vilevile. Simu haikudanganya mutu. Mimi njo niliidanganya.

Tangu hapo namba ya ndoo nisiyoisimamia kwa macho yangu siiandiki, na fundi akisema tungoje, nangoja.

Jioni ile soko iliisha, kila mutu akaenda kwake bila kuniaga. Samaki za Mama Ngoy zilikuwa hazijapasuliwa. Nikachukua kisu, nikakaa peke yangu, nikazipasua moja moja mpaka ya mwisho, nikazitia chumvi.