Barua ya Mfereji Mkavu

Mfereji wetu wa maji ya bomba hapa Micheweni ulikauka mwezi mzima, nikamwandikia mhariri wa gazeti barua ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu na dua tupu; wa pili nilimsifu waziri. Mke wangu aliisoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana wee, hii barua ya posa? Mwambie maji hayatoki na ndoo tunajitwika sisi wanawake, basi!"

Kwa kuona haya, nikaandika mistari mitano tu. Ikachapishwa.

Siku ya pili walikuja maofisa wawili wa maji, wamenuna, wakiuliza nani aliyenitia maneno.

"Mimi," mke wangu akajibu. "Karibuni. Chai sina, maji hamjaleta."

Wiki ile ile maji yalitoka. Msikitini nilisifiwa mimi, nami sikukataa.