Kuku Niliyemlisha Mama kwa Hila

Watu wa Manundu, hapa Korogwe, habari hii wanayo, na wengine wameshaitia chumvi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe kabla haijawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyemdanganya mama yangu mzazi kwenye sahani, kisha nikasimama mbele ya watu nikajisifia.

Kwanza mnijue. Nimeishia darasa la nne, sikurithi shamba wala baiskeli, lakini leo ukishuka Korogwe ukamuulizia Bosi Kuku, hata mtoto atakuleta mpaka getini. Nina mabanda, nina nyumba ya vigae (vigae mpaka jikoni, siyo sebuleni tu kama wengine), na mbali ya kuku wa kisasa ninaofuga, nilikuwa nanunua wa kienyeji vijijini Handeni nawapeleka kwenye hoteli za Kabuku wanakokula wasafiri. Yote kwa jasho langu, bila kushikwa mkono na mtu. Ndivyo nilivyokuwa nasema.

Sasa mama. Alikuja kwangu kutoka kijijini kwetu Handeni mguu ulipomsumbua, na daktari akaniambia mbele yake, huyu mama damu yake ndogo, ale nyama, ale mayai. Nikacheka, nikamwambia daktari hapo umefika kwa mwenye kiwanda. Kumbe sikuwa namjua mama yangu. Nyama ya ng'ombe hali tangu ujana, inamchefua, samaki wananuka matope, dagaa wanamtazama (kweli, alisema wanamtazama), na kuku wa banda langu alipowekewa siku ya kwanza alimgeuza kwa kidole, akamgeuza tena, akasukuma sahani.

"Mwanangu, huyu kuku hana mama."

"Mama, kuku ni kuku."

"Kaanguliwa na mashine, kakuzwa na taa, hajachakura, hajamkimbia mwewe hata siku moja. Nile nini hapo? Niletee mboga ya mchunga."

Basi ikawa ugali na mchunga, mchunga na ugali, mama anakonda ndani ya nyumba iliyojaa kuku, na wateja pale getini wakaanza maneno: "Bosi Kuku, mbona mama mwenyewe hawali? Anajua nini ambacho sisi hatujui?" Wanacheka. Mimi sikucheka.

Mke wangu, Mama Zuhura, alisema neno la akili: "Baba Zuhura, si una wale wa kienyeji wanaosubiri gari la Kabuku? Mchinjie mmoja yaishe." Nyinyi mngechinja. Mimi kiburi kikanipanda, nikaona nikimchinjia wa kienyeji nimekubali kwamba kuku wangu ni takataka. Atamla wa bandani, nikasema, tena atamsifu.

Nikachukua kuku wa mayai aliyezeeka, aliyeacha kutaga (hao nyama yao ngumu, inavutika, siyo ile inayomeguka kama mkate kwenye chai), nikamtaka Mama Zuhura ambanike kwanza kwenye kuni halafu amchemshe polepole kwenye chungu alichokuja nacho mama mwenyewe. Akakataa mara mbili. Mara ya tatu nikapaza sauti. "Haya," akasema, "lakini mdomo wa kumwambia ni wa kienyeji uwe wako, wangu haumo."

Nikampelekea mwenyewe, nikamnawisha mikono. "Mama, huyu nimemtoa kijijini, kwa jirani zako."

Jamani, alikula! Akavunja mfupa kwa meno yaliyobaki, akanyonya, akafumba macho: "Huyu kala mchwa huyu. Huyu kakua kwa mchwa." Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tukaenda hivyo mwezi mzima, uso wake ukarudi, mguu ukapata nguvu, akawa anapanda bodaboda mpaka kwa dada yangu Mwajabu kule Kwamndolwa kwenda kunisifu kwamba mwanawe anamchinjia kuku wa nyumbani.

Ningefunga mdomo hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini nilipomaliza banda jipya nikafanya dua, nikaita sheikh, majirani, wateja, na Bi Mwanaidi mwenye hoteli kule Kabuku, aliyekuwa mteja wangu mkubwa wa kienyeji na ambaye mdomo wake hauna breki. Mama alikaa mkekani mbele, kanga mpya, anakula kuku "wake". Bi Mwanaidi akapaza sauti: "Banda zuri, Bosi Kuku, lakini kuku wenyewe mpaka leo mama yako hawataki!"

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama.

"Hataki nani? Mama huyu mnayemwona kanawiri, mwezi mzima anakula kuku wa mabanda haya haya! Namwambia wa kienyeji, anakula, anasifia mchwa! Hata sasa hivi anaye mdomoni! Ikiwa yeye hakumtambua, nani atamtambua?"

Nikasubiri vicheko. Vilikuja viwili, vitatu, vikafa. Mama alikuwa ameacha kutafuna. Akatema kiganjani taratibu, akafunika kwa upindo wa kanga, akaomba maji, akasukutua.

"Mwezi mzima?"

"Mama, ilikuwa utani tu, na afya yako si umeiona..."

"Kila sahani nilikuwa nakuombea dua. Nasema, Mungu mlipe mtoto huyu, ananihangaikia. Kumbe wewe uko nje unanicheka." Akamgeukia sheikh. "Na anasema hakushikwa mkono. Vifaranga vyake vya kwanza, sheikh, nilivinunua mimi, niliuza kuku wangu wote, mpaka yule aliyekuwa analalia mayai."

Na ni kweli. Hapo Bi Mwanaidi akaweka chini paja la kuku alilokuwa anakula. "Ngoja kwanza. Kama umemdanganya aliyekuzaa, wale unaoniletea mimi Kabuku ni wa wapi?"

Nikaapa. Naapa mpaka leo, wale walikuwa wa kienyeji. Nani asikilize? Watu walikuwa wanageuza vipande kwa kidole kama mama, na sheikh naye akaona ameshiba ghafla. Kabuku hawanunui tena kwangu, na vijana wa bodaboda wananiita Mchwa.

Hayo nayavumilia. Mama alihamia kwa Mwajabu siku ile ile. Nilimfuata kuomba radhi, akanisamehe, tena kwa moyo, naapa. Lakini juzi homa ilimshika, nikapika uji kwa mikono yangu, unga, maji na sukari basi, nikaupeleka Kwamndolwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akampa Mwajabu. "Onja kwanza." Dada akanitazama, akainamisha macho, akaonja. "Ni uji tu, mama." Ndipo akanywa. Hakufanya kwa hasira, alifanya kama mtu anavyopuliza uji wa moto. Na huyu ndiye aliyenitafunia ugali nikiwa sina meno.

Mwenye mtu nyumbani anayechagua chakula, ampe anachotaka au amwambie hakuna. Mimi hila kwenye sahani ya mtu sirudii mpaka naingia kaburini. Nilikaa pale nikimwangalia mama mpaka uji ukaisha, nikanyoosha mkono nipokee kikombe, naye akakirudisha kwa Mwajabu.