Neno Alilopewa Sindano

Mtaani walimwita Sindano kwa ule wembamba wake, naye hakununa. Sindano ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Kutwa alishona foronya kibarazani, mwanawe kamlaza kwenye beseni lililotandikwa vipande vya vitambaa. Jioni alikwenda darasa la Kiingereza la watu wazima.

Darasani walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja hupewa neno, akalitafutie maana zake zote, kisha arudi na vitu avipange mezani na kueleza vinahusianaje. Sindano alipewa "case". Mwalimu hakuzungukazunguka.

"Umekosa vipindi vingi, mama. Najua mtoto alikuwa anaumwa, ila kuna watu wanangoja nafasi. Alhamisi usipolieleza neno lako, kiti nampa mwingine."

Basi akaulizauliza. Foronya kumbe nayo imo, Kiingereza chake "pillowcase", na anazo tele. Wifi yake akamwazima kava la simu na sanduku la safari, akamwambia vyote hivyo kwa Kiingereza ni neno lile lile. Karani wa mahakama, mteja wake, akamwambia hata kesi imetoka humo humo. Muuguzi naye akasema mtoto akiugua surua, hospitali wanahesabu "case" moja.

Hapo Sindano akafanya kosa la kifundi: akadhani vyote vimekatwa kwenye jora moja. Akahangaika kuunga kesi na foronya. Akamwambia wifi yake kwamba labda mshtakiwa ni kama mto, anavalishwa maneno.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Ukayaseme hayo mbele za watu, wifi, wakufunge wewe."

Alhamisi mtoto akakataa kubaki na mtu, ikabidi ambebe mgongoni. Sindano akapanga vitu vyake, akaeleza kimoja kimoja vizuri tu. Alipofika pa kuviunganisha, akakwama. Akaona kiti kinamponyoka hivi hivi.

"Mwalimu, hapa nimeshindwa," akasema. "Hivi vya kutilia vitu vinashikana. Kesi na ugonjwa navyo vinashikana. Lakini huku na huku hapashoneki. Nimejaribu wiki nzima."

"Hapashoneki kwa kuwa ni vitambaa viwili," mwalimu akajibu taratibu. "Huku ni neno la Kilatini la sanduku. Huku ni la kuanguka, yaani jambo lililomwangukia mtu. Yametembea karne na karne, yakachakaa, mwisho yakafanana sura."

"Kwa hiyo nimekosa?"

"Ungeunga kwa nguvu, ungekosa."

Mtoto akaanza kulia. Fundi viatu aliyekaa nyuma akasema, "Na huyo mpeni neno lake, kachoka kusubiri." Watu wakacheka.

Mwalimu akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akamlaza begani kama mzoefu.

"Haya, kaa uandike neno la wiki ijayo," akasema. "Na usimwache nyumbani huyu. Njoo naye."

Sindano akakaa kitini kwake, mgongo mwepesi, akaifungua kalamu.